Kabla ya Kwenda Malindi: Upepo, Mwezi na Mto

Kila mwaka, sikukuu ya Krismasi inapokaribia, watu wengi wa bara huteremka pwani ya Kenya ili wapumzike na kuiona bahari. Wengine ni makarani waliopata likizo, wengine ni wakulima waliokwisha kuuza mazao yao, na wengine ni walimu ambao shule zao zimefungwa. Aghalabu safari ya namna hii hupangwa kwa kuhesabu mambo mawili tu, yaani fedha zilizopo na siku zilizotolewa na mkuu wa kazi. Mambo hayo ni ya lazima, lakini hayatoshi. Bahari nayo ina mambo yake matatu, wala haimwulizi mtu ana siku ngapi. Mambo hayo ni upepo, mwezi na mto. Asiyeyajua huweza kusafiri mamia ya kilomita akakuta maji yenye rangi ya udongo, au akakuta bahari imekwenda mbali na kuacha miamba mitupu. Na lililo baya zaidi, huweza kuingia majini saa isiyofaa, asitoke tena.

Katika pwani yote ya Kenya hapana mahali panapoonyesha mambo hayo matatu wazi kama Malindi, mji ulio karibu kilomita 120 kaskazini ya Mombasa. Kwa hiyo yafaa kila mtu anayekusudia kwenda huko, pamoja na mke wake na watoto wake, ayafahamu kabla ya kukata tikiti.

PWANI ISIYO NA UKUTA

Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya imekingwa na ukuta wa matumbawe, ambao umekwenda sambamba na nchi kavu. Mawimbi ya bahari kuu huvunjika juu ya ukuta huo, huko mbali, na maji yanayofika ufuoni huwa yametulia kama maji ya ziwa. Ndivyo ilivyo Diani, na ndivyo ilivyo Nyali.

Lakini mbele ya ghuba ya Malindi ukuta huo umekatika. Matumbawe hujengwa na viumbe wadogo wasioweza kuishi isipokuwa katika maji ya chumvi yaliyo safi, na kaskazini kidogo ya mji Mto Sabaki huingia baharini na maji yake matamu yaliyojaa udongo. Viumbe hao hawawezi kustahimili hali hiyo, nao hawakujenga. Ndipo mawimbi ya bahari kuu hupita bila ya kizuizi, yakaja yakiumuka mpaka karibu na nchi kavu, yakavunjika kwa povu jeupe juu ya mchanga. Ufuo wenyewe ni mpana, mchanga wake ni laini, na umeteremka polepole sana, hata mtu anaweza kutembea mbali majini kabla maji hayajafika kifuani. Vijana hulala juu ya mbao, wakangojea wimbi, likawachukua mpaka pwani kama mtu aliyepanda farasi.

Kusini ya mji mambo hubadilika. Huko kuna ufuo uitwao Silver Sands, na mbele yake tena ni rasi ya Casuarina, na hapo matumbawe huanza upya. Sehemu hiyo imo karibu na Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1968, ambamo samaki wa rangi nyingi huonekana kwa kutazama majini tu. Kwa hiyo Malindi ina pwani mbili: moja ya mawimbi, na moja ya maji matulivu. Mgeni aamue kwanza anataka ipi, maana saa iliyo njema kwa moja huenda ikawa mbaya kwa nyingine.

UPEPO

Wenyeji wa pwani hugawanya mwaka kwa pepo. Kaskazi huanza kuvuma kwenye mwezi wa Novemba au Desemba na kuendelea mpaka Machi. Ni upepo wa kiasi. Jua huwa kali, na bahari kwa kawaida huwa shwari. Mnamo Aprili upepo hugeuka, na kusi huanza. Kusi huvuma kwa nguvu hasa miezi ya Juni, Julai na Agosti. Bahari huchafuka, mwani mwingi hutupwa ufuoni, na wavuvi wenye vyombo vidogo huwa na siku nyingi za kukaa nyumbani wakishona nyavu. Kusi inapopungua, mnamo Oktoba, huja siku za matlai, ambapo upepo hautii nguvu upande wowote.

Mtu anayetaka mawimbi, basi, aende wakati wa kusi, hasa kutoka Julai mpaka Septemba. Likizo ya shule ya mwezi wa Agosti yaangukia humo, nayo ni bahati kwa wazazi. Mtu anayetaka maji matulivu ya kumfundishia mtoto kuogelea, na aende wakati wa matlai, au Februari na mwanzo wa Machi.

Ama Desemba, mwezi ambao watu wengi huuchagua, una kasoro moja ambayo hawaambiwi. Mvua za vuli huwa zimekwisha kunyesha bara, mto umejaa, na kaskazi huyasukuma maji yake ya udongo kuelekea kusini, yaani kwenye ghuba ya mji wenyewe. Mgeni aliyeona picha za maji ya buluu hufika akakuta maji ya rangi ya chai ya maziwa, akafikiri amedanganywa. Hakudanganywa na mtu, hakuuliza tu. Wakati wa kusi maji hayo ya mto husukumwa upande wa kaskazini, mbali na mji.

Habari za pepo si jambo la starehe tu. Mwezi wa Aprili mwaka 1498, Vasco da Gama, nahodha wa Mreno, alifika Malindi baada ya kupata uadui Mombasa. Mfalme wa Malindi, aliyekuwa na ugomvi wake na Mombasa, alimkaribisha na kumpa rubani aliyeijua njia ya Bara Hindi. Waliondoka kusi inaanza, na kwa muda usiotimia mwezi mmoja wakafika Calicut. Lakini wakati wa kurudi nahodha hakuungoja upepo. Alitweka tanga kabla ya kaskazi kukaa sawa, na safari ile ile ikamchukua karibu miezi mitatu. Mabaharia wake wengi wakafa kwa ugonjwa wa kukosa matunda na mboga, na waliosalia walifika Malindi mwezi wa Januari 1499 wakiwa hoi. Nguzo ya ukumbusho wa Wareno ingali imesimama juu ya mwamba kusini ya ghuba, nayo hutembelewa na watu wengi. Atakayeitazama na akumbuke pia funzo hili, kwamba upepo haumjui mkubwa wala mdogo.

MWEZI

Baada ya kuchagua mwezi wa kalenda, mgeni atazame mwezi wa mbinguni. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Kutoka maji kujaa mpaka maji kupwa ni muda wa saa sita na robo hivi, na kila siku nyakati hizo huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake.

Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, ndipo bamvua. Siku hizo maji hupanda sana na kushuka sana, na tofauti baina ya kujaa na kupwa huweza kukaribia mita 4. Katikati ya siku hizo, mwezi unapokuwa nusu, ni maji mafu. Maji hupanda kidogo na kushuka kidogo.

Kuna kanuni moja rahisi ambayo mtu aweza kuishika kichwani. Siku za bamvua katika pwani ya Kenya, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na tena alasiri, nayo hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Juma moja baadaye, katika maji mafu, mambo hupinduka: maji hujaa karibu na saa nne na kupwa karibu na saa kumi. Mwenye kutaka hesabu kamili atafute jedwali la nyakati za maji la bandari ya Kilindini, maana saa za Malindi hazitofautiani nazo sana. Au amwulize mvuvi yeyote, ambaye atamjibu bila ya kufungua kitabu.

Faida ya kanuni hii ni kubwa. Watu wakifika Silver Sands siku ya bamvua saa nne asubuhi, watakuta maji yamekwenda na miamba iko wazi. Saa hiyo haifai kuogelea, lakini ni njema kwa kutembea na watoto na kutazama kaa na samaki wadogo waliobaki katika visima vya mawe, mradi wavae viatu, kwa sababu ya wadudu wa bahari wenye miiba mirefu myeusi. Wakirudi alasiri, watakuta pale pale maji ya kuogelea. Upande wa ghuba, saa inayopendwa na wengi ni pale maji yanapojaa, nusu ya njia, kwa kuwa mawimbi huja kwa mpango na maji humsukuma mtu kuelekea nchi kavu. Maji yanapokupwa nguvu yote huelekea nje, na hapo ndipo pa hatari.

KUINGIA MAJINI

Wahenga walisema kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mtu wa bara aliyezoea kuvuka mto wa kwao huidharau bahari, kwa kuwa haina mkondo anaouona. Lakini upo. Maji yanayoletwa pwani na mawimbi hayana budi kurudi, nayo hurudi kama maji ya mvua yanavyofanya shambani: hujikusanya, yakatafuta mfereji mmoja, yakapita humo kwa kasi. Mfereji huo huonekana kama njia ya maji yaliyolala kati ya mawimbi yanayovunjika pande zake mbili. Mara nyingi maji yake yamechanganyika na mchanga, na povu lake linaelea kwenda nje. Mgeni asiyejua huuona mfereji huo akasema, "Hapa pametulia, tuingie hapa." Kumbe amechagua mahali pa hatari kuliko pote.

Aliyechukuliwa na mkondo huo asishindane nao kwa kuogelea moja kwa moja kuelekea pwani. Hata mwogeleaji hodari hawezi kuushinda; atachoka, na uchovu ndio unaoua. Na atulie, alale chali aelee, ainue mkono aombe msaada. Kisha aogelee kwa upande, sambamba na ufuo, mpaka atoke katika mfereji. Mkondo huo huwa mwembamba. Akiisha kutoka, mawimbi yenyewe yatamsaidia kurudi.

Kwa asiyejua kuogelea, sheria ni fupi: katika mawimbi, asipite magoti. Wimbi linalofika kiunoni laweza kumwangusha mtu mzima, na likirudi humvuta mchanga chini ya nyayo zake. Watoto wawe karibu kiasi cha kushikwa kwa mkono, wala wasiachiwe mtoto mwenzao awaangalie. Asiingie mtu majini usiku, wala akiwa amekunywa pombe, wala peke yake. Tena asidhani kwamba kila ufuo una walinzi wa kuokoa watu. Mahali pengi hapana, na msaada ulio karibu ni wale aliokuja nao.

Kuna jambo jingine ambalo limeleta msiba katika jamaa nyingi. Mmoja anapozama, ndugu yake hujitupa majini kwa uchungu ilhali naye hajui kuogelea, nao wakafa wawili. Anayetaka kuokoa amtupie anayezama kitu kinachoelea: dumu tupu lililofungwa kifuniko, au mpira wa gari uliojazwa upepo, au kipande cha ubao, au amtupie kamba, au kanga mbili zilizofungwa pamoja. Huku apige kelele, wavuvi na vijana wa pwani wasikie. Jamaa inayokwenda baharini na dumu moja na kamba moja imebeba mzigo mdogo, lakini huenda ikawa imebeba uhai wa mtu.

Mwisho, mgeni ajihadhari na mlango wa Sabaki. Ni mahali pazuri pa kutazama ndege, pamoja na heroe wenye rangi ya waridi, lakini si mahali pa kuoga. Viboko hukaa humo, mamba wamo mtoni, na maji ya mto yanapokutana na maji ya bahari mikondo yake haitabiriki.

NJIA NA MJI

Kutoka Nairobi, wengi huenda kwanza Mombasa, ama kwa basi, ama kwa reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, ambayo kituo chake cha mwisho kiko Miritini, nje ya kisiwa. Mwenye uwezo zaidi huweza kuruka kwa ndege mpaka Malindi kwenyewe. Kutoka Mombasa mabasi na matatu huenda Malindi mchana kutwa, na safari ni ya saa mbili hadi tatu. Njia yapita Mtwapa, kisha mashamba ya mkonge ya Vipingo, kisha Kilifi, ambako zamani magari yalingoja kivuko kwa muda mrefu mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Baada ya Kilifi mibuyu hupungua, na msitu wa Arabuko-Sokoke huonekana upande wa kushoto. Kilomita 16 hivi kabla ya Malindi yapo magofu ya mji wa kale wa Gedi, ambao mwaka 2024 uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mwenye nusu siku ya ziada asiyapite.

Malindi ni mji wa kale wa Waswahili, na nyuma yake ni nchi ya Wagiriama. Msikiti wa Ijumaa uko karibu na bahari, na kando yake yamesimama makaburi ya nguzo yaliyodumu kwa karne nyingi. Mnamo mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika China na twiga, zawadi iliyoustaajabisha mji mkuu wa mfalme wa huko. Watu wenye mambo ya namna hiyo nyuma yao hawana haja ya kufundishwa ustaarabu na mgeni. Nguo za kuogea ni za ufuoni. Anayeingia mjini ajifunike vizuri, aamkie watu, apige hodi. Atapata wali wa nazi, samaki wa kupaka, mahamri kwa mbaazi na madafu baridi, na atapata pia mashauri ya bure juu ya bahari, ambayo thamani yake yapita chakula.

Hoteli za kwanza za wageni zilijengwa hapa katika miaka ya 1930. Siku hizo za ukoloni zilikuwa starehe ya Wazungu, na Mwafrika alifika ufuoni kama mpishi au dobi. Hayo yamepita. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeandika kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni mali ya umma. Kwa hiyo aliyelala katika nyumba ya kulala wageni ya bei rahisi, na aliyelala katika hoteli kubwa, wote wawili wana haki sawa ya kukanyaga mchanga ule.

MTO

Kuna jambo ambalo msafiri wa bara hulipita njiani asilitambue. Barabara ya Nairobi na Mombasa huvuka Mto Athi mwanzoni mwa safari, na mbele huvuka Mto Tsavo. Mito hiyo miwili hukutana katika nyika ya Tsavo, na kutoka hapo maji yake huitwa Galana; yakikaribia pwani huitwa Sabaki. Basi mto uingiao baharini Malindi ni ule ule unaoanza katika nchi ya juu karibu na Nairobi na kuzunguka Ukambani. Msafiri huenda kwa barabara, na udongo wa kwao huenda kwa maji, nao hukutana ufuoni.

Udongo huo si mchache. Kipimo chake kwa mwaka ni mamilioni ya tani. Katika ghuba umeongeza nchi kavu, hata majengo ambayo zamani yalikuwa ukingoni mwa maji leo yametengwa na bahari kwa vilima vya mchanga. Upepo wa kaskazi unapoupeleka kusini, huyafunika matumbawe na kuyanyima mwanga, na matumbawe yakifa samaki huhama, na mvuvi hurudi na chombo kitupu.

Jambo la ajabu ni kwamba bahari imeyaandika hayo yote. Tumbawe huongeza tabaka mwaka kwa mwaka, kama mti uongezavyo pete, na katika kila tabaka hubaki alama ya madini yaliyoletwa na udongo wa mto. Mwaka 2007 wataalamu walichapisha habari za tumbawe moja la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi, ambalo walilisoma kama karani asomavyo daftari la zamani. Waliona kwamba kwa miaka 200 ya kwanza kiasi cha udongo hakikubadilika sana. Baada ya mwaka 1900 hivi, nchi ya juu ilipoanza kukaliwa na walowezi na kulimwa kwa namna mpya, udongo ulianza kuongezeka, ukaendelea kuongezeka kadiri watu walivyozidi na miteremko ilivyolimwa bila ya kinga. Daftari hilo halimpendelei mtu. Limeandika makosa ya walowezi, limeandika na ya wale waliokuja baada yao.

Mkulima anayesimama Malindi mwezi wa Desemba akachota maji ya rangi ya chai kwa kiganja chake, ameshika kitu ambacho pengine kilikuwa shamba la mtu. Udongo huo ndio uliokuwa uoteshe mahindi. Hautarudi tena bara. Hakuna mkondo wa kuurudisha. Lakini ule uliobaki waweza kuzuiwa. Wakulima wa Machakos wameonyesha kwa miaka mingi kwamba matuta ya fanya juu, majani ya kushika udongo na miti kando ya mto huyafanya maji yatembee polepole na kuuacha udongo mahali pake. Mengi ya matuta hayo yalichimbwa na vikundi vya wanawake kwa jembe na sururu.

MPANGO KWA UFUPI

Kwa hiyo mtu anayepanga kwenda Malindi na afuate utaratibu huu. Kwanza aamue kama anataka mawimbi au maji matulivu. Akitaka mawimbi, achague Julai, Agosti au Septemba. Akitaka utulivu, achague Oktoba au Februari. Kama hana budi kwenda Desemba, aende akijua kwamba ghuba huenda ikawa na matope, na ajiandae kuogea upande wa kusini wa mji. Pili, atazame kalenda ya mwezi, ahesabu saa za maji kwa kila siku atakayokaa, aziandike katika karatasi. Tatu, afungashe viatu vya majini, dumu tupu na kamba. Nne, akifika, kabla hajamvua mtoto nguo, amtafute mvuvi au kijana wa pale, amwamkie, amwulize mkondo uko wapi leo. Mchanga huhama, na mfereji uliokuwa hapa mwezi uliopita huenda leo uko kwingine.

Maulizo hayo hayana malipo, nayo huchukua muda mdogo kuliko wa kunywa dafu moja. Na atakaporudi kwake bara, mvua za kwanza zikianza kunyesha, atoke nje ayatazame maji yanayoteremka kutoka shambani mwake, aone yana rangi gani.